Moshi wa Kibanda cha Sukari

Saint-Zotime, Beauce, Quebec
16 Machi 1918

Dada Georgiana mpendwa,

Salamu zikufikie kutoka kwa kila mtu wa nyumba hii. Baba yupo, ila kikohozi chake cha kila Kwaresima kimerudi, na ukimwambia avae skafu anakuuliza kama yeye ni mtoto. Ng'ombe mweusi amezaa jike. Theluji upande wa ghala bado inafika dirishani. Shemeji Napoléon hajambo? Na mwanao Wilfrid je, barua zake kutoka jeshini Ufaransa zinafika? Nimemtumia moyo wa sukari, wa mwanzo kabisa mwaka huu, nimeumimina kwenye kile kibao chenye umbo la moyo alichochonga Mama. Kama posta ya jeshi inapokea vitu vya kuliwa, mpelekee. Mwambie asimgawie mtu.

Sasa kaa chini. Barua hii nimempa binamu Ovila mkononi, kwa kuwa anakuja huko Lewiston kutafuta kazi ya kiwandani. Ameniapia ataiweka ndani ya soksi. Ukishaisoma, itie jikoni iungue.

Délard hakwenda jeshini. Karatasi ya kumwita ilikuja mwezi wa pili. Baba alikwenda kumwombea abaki shambani, akajibiwa kwamba shamba lina binti mwenye nguvu. Huyo binti ni mimi. Siku ya kuondoka ilipofika, mdogo wetu alivaa suti, akamuaga kila aliyekutana naye barabarani, akapanda treni watu wakimwona. Kituo cha pili akashuka, akarudi kwa miguu kupitia msituni. Sasa yuko kwenye kibanda cha sukari.

Kazi inakwenda kama ulivyoizoea. Asubuhi tunapanda na farasi. Natoboa miti ya sukari kwa keekee, Baba anagonga mirija, tunatundika ndoo. Maji matamu ya miti yakijaa tunayakusanya kwa sleji inayokokotwa na farasi, tunayamwaga kwenye tangi la mbao pale kwenye jukwaa, na kutoka tangini yanashuka kwa bomba hadi kwenye karai la kuchemshia. Délard ndiye anayechochea moto, anaengua povu, anaangalia shira isishike. Nje hatoki mchana.

Moshi kwa sasa hautupi shida. Mlima mzima unafuka, kila familia iko kwenye kibanda chake, na moshi wetu umepotea katikati ya moshi wa watu. Ninachoogopa ni siku wenzetu watakapozima. Maana usiku huku maji bado yanaganda kwenye bakuli, na mtu hawezi kulala bila moto. Nyumbani hawezi kurudi. Kwa jirani zetu akina Lachance polisi wa jeshi walipekua hadi kwenye pipa la unga.

Nikikuandikia kwa posta nitamwita Délard kwa jina la Shangazi Délima. Marehemu alipenda kukaa karibu na moto na kula, hatakasirika.

Mdogo wako,
Philomène


Lewiston, Maine
26 Machi 1918

Philomène,

Sisi tupo. Napoléon amehamishiwa kwenye chumba cha kutia vitambaa rangi kiwandani, mikono yake imekuwa ya bluu hadi kwenye viwiko. Mimi bado niko kwenye mashine zilezile. Kelele zake siku hizi nazipenda, mtu hawezi kuwaza.

Nimesikia kwamba Shangazi Délima amehamia kwenu. Mwambie anisamehe nikisema nilikasirika. Kuna watu waliokwenda bila hata kuitwa, tena wakiimba, na mama zao waliwapungia mkono pale stesheni kama wajinga. Shangazi anajiona nani?

Hapana. Usimwambie hivyo. Barua hii nimeiandika na kuichana mara nyingi, na hii nayo nikiisoma tena nitaichana, kwa hiyo siisomi. Mwambie avae zile soksi nene. Alipokuwa mdogo kifua chake hakikuwa kizuri, nilikuwa nampaka mafuta ya bata bukini kila jioni hadi nyumba nzima ikanuka. Mwambie asilale na nguo zenye jasho.

Asifikirie kuja huku kwetu. Huku nako vijana wanasimamishwa barabarani waonyeshe karatasi.

Moyo wa sukari umefika salama. Nimeuweka kabatini.

Dada yako,
Georgiana


Saint-Zotime
5 Aprili 1918

Dada mpendwa,

Pasaka imepita, tumekula nyama ya nguruwe na mayai, na Baba ameimba kanisani akakohoa katikati ya Aleluya hadi Padri akageuka. Kutoka mjini Quebec kuna habari mbaya, watu wamepigwa risasi barabarani kwa sababu ya hayahaya ya kuitwa jeshini. Hapa kijijini watu wanaongea kwa kunong'ona hata wakizungumzia bei ya viatu.

Maji yanatoka vizuri mno. Kukiganda usiku na jua likatoka asubuhi, ndoo zinafurika kabla hatujamaliza mzunguko. Shira ya wiki hii ni nyepesi na ya dhahabu, ukiimwaga juu ya theluji inavutika kama uzi. Shangazi Délima ameila hadi akaumwa meno.

Jirani yetu Trefflé Vachon anapita kibandani mara nyingi kuliko zamani. Unakumbuka kwamba mwanawe Ludger walimchukua mwezi wa kwanza. Hajamwandikia baba yake. Jana alisimama mlangoni na kiko chake, akaangalia rundo la kuni zilizopasuliwa, akaniambia:

"Philomène, nyinyi wawili tu mnafanya kazi yote hii? Mna mikono mingapi humu?"

"Miwili kila mtu, kama wewe," nikamjibu.

"Basi ya kwenu hailali."

Akavuta kiko, hakuondoka upesi. Shangazi Délima wakati huo alikuwa amejipumzisha nyuma ya kuni, na namshukuru Mungu hakukohoa. Nilishika upawa kwa mikono miwili ili usigonge karai.

Mbona hukunijibu habari za Wilfrid? Nilikuuliza. Nimeanza kumfumia soksi za sufu ya kijivu. Niambie mguu wake siku hizi una ukubwa gani.

Mdogo wako,
Philomène


Lewiston
13 Aprili 1918

Philomène,

Wilfrid hana haja ya soksi. Acha kufuma.

Nisikilize kwa jambo moja. Jirani wakizima moto, na wewe uzime. Wakiosha ndoo, osha siku hiyohiyo, uzianike nje waone. Shangazi Délima ajifunike mablanketi. Huku nikisikia mlango unagongwa napoteza nguvu mikononi, na kazi yangu inataka mikono. Wiki hii nimekata uzi mara nyingi hadi msimamizi akaniuliza kama nimelewa.

Zima moto.

G.


Saint-Zotime
24 Aprili 1918

Dada,

Hii anakuletea Rose-Anna, mke wa Ovila, anayekuja na watoto kumfuata mumewe, kwa hiyo naandika wazi. Uniwie radhi kwa mwandiko, mkono wa kushoto hauwezi kushika karatasi isisogee. Nitakueleza.

Barua yako ya kuzima moto ilifika nikiwa nimechelewa. Joto lilikuja ghafla, miti ikatoa machipukizi, na maji yakabadilika. Unajua mwenyewe jinsi yanavyonuka yakishaharibika, na shira yake ni nyeusi, chungu. Mlima wote wakaosha ndoo. Lakini baridi ikarudi, Délard akawa anatetemeka humo ndani, nami nikashindwa kumwona vile. Nikaendelea kuchemsha yale maji mabovu. Moshi ukawa mmoja tu mlimani, wetu.

Trefflé akapiga kelele kutoka njiani: "Philomène! Unachemsha nini huko, mvua?"

"Siki!" nikamjibu. "Maji ya mwisho yanatoa siki nzuri!"

Hakucheka.

Walikuja Jumatano iliyopita, mvua ikinyesha. Baba alikuwa bondeni na farasi, akawaona, akaanza kumtukana yule farasi maskini kwa sauti ya kanisani, matusi ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Délard akaelewa. Kukimbia haikuwezekana, theluji iliyobaki ingeonyesha nyayo. Akatazama huku na huku, akapanda jukwaani, akaingia ndani ya tangi. Vipande vya barafu vilikuwa vinaelea mle. Nilimsikia akivuta pumzi, moja tu. Nikafunika mbao.

Walikuwa watatu, mmoja amevaa kiraia, ana masharubu, wawili askari. Yule wa masharubu akasema, "Habari za kazi, mama."

"Dada," nikasema. "Sijaolewa."

"Kaka yako yuko wapi, dada?"

"Alipanda treni. Kijiji kizima kilimwona."

"Walimwona akipanda. Sisi ndio hatujamwona akishuka."

Wakachoma rundo la kuni kwa fimbo ya chuma, kila mahali. Wakapanda darini. Kisha mmoja akaokota bakuli kwenye benchi. Yalikuwa matatu, Dada. Sikuwa nimeyaondoa.

"La kwako, la mzee. Hili la tatu la nani?"

"La farasi."

"Farasi wenu anakula maharage kwa kijiko?"

"Baba anamdekeza. Muulize."

Askari mdogo akaangua kicheko, na kile kicheko kilinitisha kuliko fimbo ya chuma. Kwa sababu baada ya kucheka walivua kofia, wakakaa. Mvua ilikuwa kubwa. Yule wa masharubu akauliza kama katika nyumba ya Kikristo mtu hawezi kupata mayai yaliyopikwa ndani ya shira.

Nikawapikia. Nilikuwa na mtungi wa shira nzuri ya Machi. Nilikuwa napasua mayai huku nikisikiliza tangi. Na moto ulikuwa mkali, maana Délard alikuwa ameujaza kuni muda si mrefu. Karai lilikuwa linakunywa maji, na kila lilipokunywa, maji yalipungua tangini. Nikifunga bomba, karai linaungua na wao wanajiuliza kwa nini. Nikiliacha wazi, maji yanamshuka kidevuni, kifuani, na akisogea tu wanasikia. Niliacha wazi. Nilikuwa naongea ovyo, kuhusu mvua, kuhusu kuku, sijui niliongea nini.

Askari mdogo alikuwa mtu wa mashamba. Akasema kwao Lotbinière wanachemsha pia. Akasimama na bakuli lake mkononi, akaangalia karai, akaangalia bomba. "Tangi lako limebakiwa na nini?" akasema, "hili linakunywa kama ng'ombe." Akapanda jukwaani. Akaweka mkono juu ya mbao.

Nilichota upawa wa shira iliyokuwa inachemka nikajimwagia mkono wa kushoto.

Kupiga kelele sikuhitaji kuigiza. Yule kijana aliruka chini, akakimbia nje, akarudi na kofia iliyojaa theluji, akanishika mkono akauzika humo. Uso wake ulikuwa umepauka kuliko wangu. Yule wa masharubu akasema, "Twende, tuachane na mwanamke huyu kabla hajajichoma mzima." Wakatoka. Kijana alikuwa wa mwisho. Pale mlangoni alilitazama tangi, akanitazama mimi, akasema polepole, "Zima moto, dada. Karai litaungua."

Sijui alijua au hakujua. Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Tulipomtoa Délard alikuwa amekunja vidole na hatukuweza kuvikunjua. Midomo yake ilikuwa ya kijivu kama slati. Aliniambia, "Umechelewa kuwapa mayai," akajaribu kucheka, meno yakagongana.

Tumemshusha nyumbani, yuko chumba cha juu nyuma ya masanduku. Sasa ana homa, na akivuta pumzi anashika ubavu. Analiita jina lako, na la Wilfrid, anadhani mko chini jikoni. Baba anasema tumwite daktari. Mimi nasema daktari akija, atauliza jina, na jina likishatoka halirudi. Wewe ndiye uliyemlea. Niambie nifanye nini.

Philomène


Lewiston
30 Aprili 1918

Mdogo wangu,

Muite daktari. Leo. Kabla hujamaliza kusoma, tuma mtu, kisha urudi usome.

Sasa nakuambia nilichokuwa sikuambii. Wilfrid amekufa. Habari ilikuja mwanzoni mwa Machi, kabla Ovila hajafika na barua yako ndani ya soksi. Nilipoisoma nikaona mmoja amefichwa ili aishi, na wa kwangu hakufichwa na mtu, na nilikuchukia, Philomène, kwa siku kadhaa nilikuchukia wewe na yeye. Ndiyo maana niliandika vile.

Hakupigwa risasi. Watu hapa wananiuliza alikuwa mstari gani, alikuwa na nani, wanataka vita. Hakukuwa na mapigano. Alinyeshewa, akalala na nguo mbichi kwenye zizi, akashikwa na kifua. Rafiki yake aliniandikia kwamba aliogopa kwenda kwa daktari wa kikosi, kwa sababu waliokwenda waliitwa wavivu. Alikaa na homa yake kimya. Alipopelekwa, hakukuwa tena na la kufanya.

Umesikia? Alikaa kimya. Mimi sikuwepo kumwambia fungua kifua nikupake.

Shangazi Délima akichukuliwa, atachukuliwa. Mtu aliyefungwa anarudi. Mwambie daktari jina lolote, au lake halisi, au usiseme kitu. Lakini asikae kimya na homa juu nyuma ya masanduku. Nakuomba kwa jina la Mama.

Napoléon hajui naandika haya. Tangu ile habari ije hatujalitaja jina la Wilfrid ndani ya nyumba.

Georgiana


Lewiston
14 Mei 1918

Philomène,

Hujajibu. Nimekwenda posta kila siku hadi yule bwana ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni. Shangazi Délima yu hai? Andika neno moja, hata kama ni lile lingine. Siwezi kuambiwa tena na karatasi iliyochapishwa, kama ile ya jeshi.

G.


Saint-Zotime
9 Juni 1918

Dada mpendwa,

Yu hai. Naanza na hilo ili uweze kukaa.

Nisamehe ukimya. Nilikuwa Quebec, na kule sikuthubutu kuandika chochote, hata jina langu.

Barua yako ilinikuta nje nikikamua. Niliisoma nikaketi kwenye ngazi. Baba akaniuliza nini, nikamwambia Wilfrid amefariki. Alivua kofia, akaishika muda mrefu. Alikuwa mjukuu wake wa kwanza, Baba ndiye aliyemfundisha kupiga mluzi. Kisha akasema, "Nenda kamlete daktari," akaingia zizini asionekane.

Farasi wetu alikuwa anachechemea, na barabara ilikuwa matope matupu, magurudumu yanazama hadi kwenye kitovu. Farasi mwenye nguvu katika safu yetu ya mashamba ni mmoja, wa Trefflé. Nilitembea hadi kwake. Alikuwa ghalani, anapaka hatamu mafuta.

"Trefflé, nahitaji farasi wako."

"Wa kwenu ana nini?"

"Mguu."

"Unakwenda wapi kwenye matope haya?"

"Kwa daktari."

"Mzee?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa mdomoni. "Délard," nikasema.

Alitundika hatamu. "Najua," akasema. "Nimejua tangu Pasaka. Mzee wa umri ule hapasui kuni namna ile."

"Ni wewe uliyewaita wale?"

"Si mimi. Walikuwa wanapita vibanda vyote." Akamtoa farasi, akawa anamfunga, hanitazami. "Lakini nilivaa kofia niende kuwaita. Si mara moja. Nikifika getini narudi."

"Kwa nini ulirudi?"

"Sijui, usiniulize. Shika huyu kichwa, anauma."

Yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha. Daktari alimsikiliza Délard mgongoni, akanivuta nje ya chumba. "Anaitwa nani?" akauliza, halafu akainua mkono: "Hapana, usinijibu. Kifua kimejaa usaha. Lazima afunguliwe ubavu, na mimi hapa sina cha kumfungulia. Afike hospitali Quebec, ama mwite Padri."

Trefflé akatupeleka hadi stesheni, Délard amelala juu ya nyasi nyuma, amefunikwa magunia. Ndani ya treni nilikaa namtunga jina. Joseph Gagnon, kibarua, hana wazazi. Nililirudia njia nzima hadi likawa kama la mtu ninayemfahamu. Askari walikuwa wanapita kwenye behewa na kila mmoja nilimwona ana masharubu.

Hospitalini Sista aliyekuwa mezani akachovya kalamu, akaniuliza, "Jina la mgonjwa?" Nikafungua mdomo niseme Joseph Gagnon. Nikamtazama Délard kwenye machela, macho yake hayakuwa yakiona mtu. Kama atakufa, Dada, sikutaka afe kwa jina ambalo wewe hujawahi kumwita.

"Adélard Lessard," nikasema. "Wa Saint-Zotime."

Sista aliniangalia kidogo, akaandika.

Walimkata ubavu, wakaingiza mrija wa mpira, usaha ukatoka ndoo nzima. Nilipoingia kumwona, askari alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, bunduki magotini, anasoma gazeti. Alikaa hapo, yeye au mwenzake, wakati wote Délard alipokuwa anapigania pumzi. Mimi nilikuwa nakaa upande wa pili. Nikimlisha supu, askari anageuza macho. Kila buti lililopita kwenye korido nilidhani limekuja kumbeba.

Mwishowe alikuja daktari wa jeshi. Akamgonga kifuani kwa vidole kama mtu anayegonga pipa kujua kama lina kitu. Akagonga kushoto, akagonga kulia. Akasema, "Upande huu umekwisha. Huyu hataweza kuinua bunduki, sembuse kutembea nayo," akamfuta kwenye orodha ya jeshi, akampa karatasi. Hata jela hawakumpeleka. Walisema hakuna nafasi ya watu ambao hawatafika wazima.

Tumemleta nyumbani juzi. Bega moja limeshuka, na akipanda ngazi anapumzika katikati, anajifanya anatazama picha ya Mtakatifu Yosefu. Kazi ya miti hataifanya tena. Anaijua hiyo habari, hatujaizungumza. Na mimi bado nikisikia kwato barabarani naacha nilichoshika, hata kama ni yai.

Habari za Wilfrid nilimficha hadi alipoweza kusimama. Nimemwambia leo asubuhi. Ametoka nje akakaa nyuma ya ghala hadi saa ya kula. Sasa anataka kalamu, nampa.

Philomène

Dada Georgiana,

Mwandiko wangu ni mbovu, vumilia. Nimeandika mistari mingi nikaifuta. Nilikuwa naogopa kufa na Wilfrid hakuogopa, na tazama. Kila mara nakumbuka tulivyolala kitanda kimoja na wewe ukitutishia upawa ili tunyamaze. Philomène anasema hewa ya hapa ni nzuri kwangu, lakini nataka kuja kukuona. Sijui kama wewe unataka kuniona mimi. Ukisema hapana, nitaelewa, sitakasirika.

Délard


Lewiston
17 Juni 1918

Délard wangu,

Mjinga wewe. Njoo.

Napoléon amesoma barua yako kabla yangu, nilimkuta amesimama nayo dirishani na mikono yake ya bluu. Akasema, "Mwambie alete nguo za baridi, nyumba hii ina upepo." Kisha akalitaja jina la Wilfrid, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Tulikaa mezani hadi chai ikapoa.

Njoo na treni ya mchana. Usibebe mzigo, mwachie Philomène atume baadaye. Kwenye mpaka wape karatasi ile ya daktari wa jeshi, usibishane na mtu, hata akikutukana. Nitaogopa hadi utakapofika, usinizuie, ndivyo nilivyo siku hizi.

Jambo moja tu nakuomba. Watu wote walikuwa wanasema wewe na Wilfrid mna sauti moja. Nikiwa jikoni nilikuwa sijui ni nani kati yenu ananiita. Ukishuka kwenye treni, usiniite. Hata ukiniona kwa mbali nimegeuka upande mwingine, usiniite. Njoo kimya hadi mbele yangu, nikuone uso kwanza. Ndipo useme.

Dada yako,
Georgiana